Kikiwa Kitupu

Alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri,
Ussi wa Konde, na pikipiki yake nyekundu
iliyochubuka tangi kwa magoti ya miaka minane.
Salamu aliitoa nusu. "Fundi, hebu nisikilizie."
Akaiendesha hadi kwenye kokoto, akageuza, akarudi,
na nyuma yake kiegemeo kikawa kinakwenda
ka-ka-ka, ka-ka-ka,
kama meno ya mtu mwenye homa.

Kimeanza lini?
Akaitazama njia ya Konde
kana kwamba jibu lingepita na baiskeli.
"Msimu huu wa karafuu."
Hapo nikaujua nusu ya ugonjwa.

Kiegemeo cha kuvua si jino.
Jino ukiling'oa, umeling'oa.
Hiki kila Jumatatu kilivuliwa, gunia likae,
kila Ijumaa kikarudishwa, mgongo ukae,
na kwa kila kuvua na kuvisha
tundu la pini likazidi kuwa yai.
Chuma nacho huchoka kuambiwa toka, rudi, toka.

Nikamwambia, "Kaa nyuma wewe, egemea. Naendesha mimi."
Tukaenda hadi darajani, tukarudi.
Mawe yale yale, mashimo yale yale.
Kimya.
"Umeona? Kikiwa na mgongo hakilii.
Kinalia kikiwa kitupu."
Ussi hakucheka.

Nikafungua. Nati moja imekula kutu,
ya pili si yake kabisa, ni ya baiskeli.
"Fundi gani huyu aliyekutendea haya?"
"Mimi mwenyewe."
Basi nikanyamaza, nikakata tyubu kuukuu
vipande vyembamba kama ulimi wa mbuzi,
nikayavisha mabano yote mawili,
nikatia washa ya shaba upande wa ekzosi.
Pini niliichonga kwa bolti ya Vespa ya marehemu baba,
nene kidogo, iingie kwa kubembelezwa.
Grisi, tone tu. Grisi nyingi ni uongo:
hunyamazisha wiki, kisha hukusanya mchanga.

Tukajaribu. Ile ka-ka-ka imekufa.
Lakini chini yake kulikuwa na nyingine,
nyembamba, ya ndani,
tsi, tsi,
ambayo ile kubwa ilikuwa ikiifunika.

Nikafumua mto kwa nyuma, palipokuwa na mshono wa mkono,
mshono mzuri, si wa kiwandani,
nikazamisha vidole viwili kwenye sponji
nikatoa kichupa cha wanja cha shaba,
kijiti chake kikicheza ndani.

Ussi alikipokea
kama mtu aliyerudishiwa chenji ambayo hakuidai.
Kazija yuko Unguja, kwa dada yake, Jang'ombe,
tangu karafuu za mwanzo zianikwe.
Alisema gunia lina heshima kumshinda:
likipanda lenyewe, yeye anashuka.
Haya Ussi hakunieleza.
Maneno huingia kwa fundi bila kubisha,
kama vumbi.

"Itakuwa tayari Jumanne?"
Iko tayari sasa. Jumanne kuna nini?
"Meli. Mkoani."
Akiwa amekaa mtu, nikasema, hata zamani hakingelia.
Ungeokoa pesa yako.
Akaangalia viatu vyake.
"Kurudi, ndiyo. Lakini kwenda?
Konde mpaka Mkoani, fundi. Kwenda kiko kitupu."

Nikachukua sindano ya gunia.
Nishone na kichupa ndani, au bila?
Alifikiri muda mrefu, kijiti kikigonga gonga kiganjani.
"Bila. Nitampa mkononi."

Elfu nne. Tyubu bure.
Akakitia kichupa mfuko wa shati, akawasha.
Kwenye kokoto sikusikia kitu,
nikajisifu kidogo, peke yangu, spana mkononi.
Kisha akafika kwenye tuta la skuli, na pale
tsi,
kifuani.